Kome Waliofunga Mabwawa

Mwezi wa Desemba 1989, katikati ya baridi kali, mabomba ya mji wa Monroe, jimboni Michigan, yalikauka. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Erie, mojawapo ya maziwa makubwa ya maji matamu duniani, na ziwa lenyewe lilikuwa limejaa. Tatizo lilikuwa kwenye bomba linalovuta maji kutoka ziwani. Kome wadogo wenye mistari, wengi wao hawazidi ukubwa wa ukucha, walikuwa wamejishikiza ndani yake, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, mpaka njia ya maji ikawa nyembamba. Barafu ikaja kuziba kilichobaki. Shule zilifungwa na biashara zikasimama.

Mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, hakuna mtu Amerika ya Kaskazini aliyekuwa na habari kwamba kome hao wamefika.

Habari ya kwanza ilipatikana tarehe 1 Juni 1988. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Windsor, nchini Kanada, alikuwa akichota matope na changarawe kutoka chini ya Ziwa St. Clair, ziwa dogo lililo katika njia ya maji kati ya maziwa ya Huron na Erie. Katika kokoto alizozipandisha aliona kome mdogo amegandia jiwe, hataki kuachia. Kome wa asili wa maji yale hujichimbia mchangani na matopeni, na wakishakomaa hawajifungi kwenye mawe kwa nyuzi. Aliyekuwa mkononi mwake alikuwa mgeni. Wataalamu wakathibitisha: Dreissena polymorpha, kome-milia.

Ulaya ilikuwa imeishi naye kwa zaidi ya karne. Peter Simon Pallas, mwanasayansi wa Kijerumani aliyezunguka Urusi kwa kazi ya serikali ya Malkia Katerina wa Pili, ndiye aliyeandika habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 1771, baada ya kumkuta pande za Bahari ya Kaspi. Wakati huo kome-milia alikuwa kiumbe wa mito inayomwaga maji Kaspi na Bahari Nyeusi, na nchi kavu ilimzuia asiende mbali. Waliomfungulia njia ni wachimba mifereji. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 mto Dnieper ulianza kuunganishwa kwa mifereji na mito inayoelekea Bahari ya Baltiki, ili mbao na mizigo mingine isafirishwe bila kushushwa. Kome wakapanda vyombo na magogo hayo. Mwaka 1824 walionekana kwenye magati ya London, mwaka 1826 Rotterdam, na mwaka 1830 Hamburg.

Kuvuka Atlantiki kulichukua muda zaidi, kwa sababu kome wa maji matamu hawezi kung'ang'ania ubavu wa meli katika maji ya chumvi safari nzima akabaki hai. Ilibidi abebwe ndani. Meli isiyo na shehena hujaza maji kwenye matangi ya chini ili isiyumbe. Hiyo ndiyo farumi ya siku hizi, kazi ambayo manahodha wa majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki waliifanya kwa mawe na mchanga. Njia ya maji ya St. Lawrence, iliyofunguliwa mwaka 1959, ilikuwa imezipa meli kubwa za baharini uwezo wa kuingia hadi katikati ya bara. Katikati ya miaka ya 1980 meli zilijaza maji katika bandari za Ulaya, zikayamwaga katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini zilipokuja kupakia mizigo, na watoto wa kome wakaachwa humo.

Mawe ya farumi yakitupwa baharini huzama. Maji ya farumi yana uhai. Jike mmoja wa kome-milia aliyekomaa anaweza kutoa mayai hadi milioni moja kwa mwaka. Yai hugeuka lava asiyeonekana kwa macho matupu, anayeelea na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutafuta kitu kigumu cha kujishikiza: jiwe, nguzo, mnyororo wa nanga, chuma cha bomba, gamba la kome mwingine. Katika mfereji wa mtambo mmoja wa umeme wa Michigan, hesabu ilipanda kutoka kome 200 hivi kwa mita moja ya mraba mwaka 1988 hadi karibu 700,000 mwaka 1989.

Kwa muda fulani watu walifurahia jambo moja: maji ya Ziwa Erie yalitakata. Kome mmoja huchuja karibu lita moja kwa siku, na mabilioni yao walikuwa wakilichuja ziwa zima. Lakini walichokuwa wakikitoa majini ndicho chakula cha viumbe wadogo, na viumbe wadogo ndio chakula cha samaki. Kome wa asili wa Ziwa St. Clair, ambao kabla ya hapo walikuwa wa jamii nyingi, walifunikwa na wageni juu ya magamba yao, wakashindwa kufungua midomo, wakafa kwa njaa. Katika miaka michache walikuwa karibu wametoweka kwenye maji ya wazi ya ziwa lile.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1990, na kuanzia 1993 meli zinazoingia Maziwa Makuu zikalazimika kubadilisha maji ya farumi zikiwa bado baharini. Sheria ilikuwa nzuri, ila ilikuta mlango umeshaachwa wazi. Kome walikuwa wameteremka kwa mfereji wa Chicago hadi Mto Illinois, kutoka hapo wakaingia Mississippi na kushuka nao kuelekea New Orleans. Na ndugu yao, kome kwaga, naye alikuwa ameshaingia; wataalamu walimtofautisha mwaka 1991. Huyu ni hatari zaidi kwa maziwa ya kina, kwa sababu huvumilia maji ya baridi na anaweza kuishi hata juu ya tope laini, mahali ambapo kome-milia hapati pa kushika.

Magharibi ya nchi ilibaki salama kwa takriban miaka 20. Hakuna mto unaotoka Maziwa Makuu ukavuka Milima ya Rocky. Ili kufika huko kome alihitaji gari, na gari lilikuwapo tangu zamani.

Desturi ya kuvuta boti kwa trela haina umri mkubwa. Ole Evinrude, fundi wa Milwaukee, alianza kuuza injini za kufunga nyuma ya boti mwaka 1909, na mtu wa kawaida akaweza kumiliki chombo chenye injini kisichohitaji bandari. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja boti nyepesi za faibaglasi, na baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 zikaja barabara pana zinazounganisha majimbo yote. Wakati huohuo serikali zilikuwa zikijenga mabwawa kila kona ya nchi kavu ya magharibi. California ilipitisha mwaka 1961 sheria iitwayo Davis-Dolwig, iliyosema kwamba burudani ya wananchi ni sehemu ya madhumuni ya mradi mkubwa wa maji wa jimbo. Bwawa lililojengwa kwa ajili ya mashamba na mabomba ya mjini likawa pia mahali pa kuvua, kupiga makasia na kuburuzana juu ya maji. Mwenye boti alizoea kwenda bwawa moja Jumamosi hii na jingine Jumamosi ijayo, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyemuuliza ametoka maji gani.

Tarehe 6 Januari 2007 kome kwaga waligunduliwa kwenye gati la boti katika Ziwa Mead, lile lililotengenezwa na ukuta wa Hoover kwenye Mto Colorado. Katika mwezi huohuo wakapatikana Mohave na Havasu, mabwawa yanayofuata chini ya mto. Maelezo yanayokubalika ni kwamba waliletwa na boti iliyovutwa barabarani kutoka mashariki, safari ya siku chache tu. Lakini walipokwisha kuingia Colorado hawakuhitaji boti tena. Kutoka Havasu hutoka mfereji wa Colorado River Aqueduct, wenye urefu wa karibu kilomita 390, unaopeleka maji kusini mwa California. Ilipofika Agosti 2007 kome walikuwa katika mabwawa ya Mathews na Skinner, na mabwawa ya San Diego yanayopokea maji hayohayo yakafuata. Pampu za serikali ziliwasambaza ndani ya miezi michache kwa kasi ambayo boti zisingeifikia kwa miaka.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila inapotajwa historia ya vizuizi vya boti. Mvuvi mwenye boti ya mita tano ndiye anayesimamishwa getini, na mara nyingi kuna sababu ya kumsimamisha. Lakini mtandao wa maji wa jimbo, wenye mifereji na matanki yake, ni barabara ya kome iliyo pana kuliko ya trela.

California ilichukua hatua haraka. Mwaka 2007 bunge la jimbo lilimpa mlinzi wa wanyamapori mamlaka ya kusimamisha na kukagua chombo chochote kinachoweza kubeba kome. Mwaka uliofuata sheria nyingine iliwataka wenye mabwawa yaliyo wazi kwa umma watathmini hatari na waweke mpango wa kuzuia. Kuanzia 2014 wenye boti wakaanza kulipia stika ya kome, dola 8 kwa mwaka, ili gharama za ukaguzi zipate pa kutokea.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya mikono. Mkaguzi huanza kwa swali: chombo hiki kililowa mara ya mwisho wapi, na lini? Kisha hupitisha vidole taratibu chini ya tumbo la boti, kwa sababu kome wachanga hawaonekani, ila wakishika rangi ya boti mkono huhisi ukwaruzo kama wa msasa. Hutazama rafadha na upenyo wake, tundu la injini linalovuta maji ya kupoozea, mpira wa roli za trela, kamba ya nanga. Huamuru kizibo kitolewe ili ngama imwagike yote. Hufungua tangi la kuhifadhia samaki hai na kulipapasa kwa kitambaa. Tone la maji likionekana, boti hurudishwa. Ikipita, na baadaye ikitoka majini, hufungwa kwenye trela yake kwa waya wenye sili na namba. Mwenye waya usiokatwa anaweza kurudi bwawa lilelile bila kuanza upya. Chombo chenye shaka huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi, joto linaloua kome na lava.

Baadhi ya mabwawa hayakuridhika na kupapasa. Ziwa Casitas, karibu na Ojai, ambalo maji yake huenda majumbani na mashambani, na ambako mashindano ya kasia ya Olimpiki ya 1984 yalifanyika, lilipiga marufuku boti za nje mwaka 2008. Zilipoanza kukubaliwa tena, zilitakiwa zikae karantini zikiwa zimefungwa kwa trela zake, muda ambao baadaye ulifikia siku 35. Waliozoea kuvua huko walilalamika sana. Lakini bodi ya maji ilikuwa na hoja rahisi: hakuna njia nyingine kubwa ya kome kuingia Casitas isipokuwa barabara.

Hadithi ya San Justo inasikitisha zaidi ya zote.

San Justo ni bwawa dogo lenye eneo la hekta 80 hivi, karibu na mji wa Hollister katika Kaunti ya San Benito. Lilijengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya umwagiliaji, na kaunti ikalifungua kwa wavuvi na wenye mashua. Mwezi Januari 2008 kome-milia walipatikana humo, mara ya kwanza kwa kome wa aina hiyo kuonekana California. Lango likafungwa kwa umma. Halikufunguliwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata, wala muongo mzima uliofuata. Watoto wa Hollister waliokuwa shule ya msingi wakati huo ni watu wazima sasa, na wengi wao wamekua bila kujua kuvua katika bwawa lililo kwenye wilaya yao. Kome hawakubaki bwawani. Waliingia kwenye mabomba ya kusambaza maji mashambani na kuwa kero ya kila siku kwa mafundi.

Je, kufunga lango kulisaidia? Kwa kipimo kimoja, ndiyo kabisa. Hadi mwaka 2024 kome-milia hawakuwa wameenea kutoka San Justo na kuvamia mabwawa mengine ya jimbo. Mji mdogo ulibeba mzigo kwa niaba ya California nzima, na haukulipwa chochote kinacholingana na kilichochukuliwa. Mpango wa kuua kome hao kwa potashi ulijadiliwa kwa miaka mingi mno.

Si kwamba haiwezekani. Katika jimbo la Virginia kulikuwa na shimo la zamani la kuchimbia mawe, Millbrook, lililojaa maji na kutumiwa na wapiga mbizi. Kome-milia walionekana humo mwaka 2002. Mwanzoni mwa 2006 mafundi walimwaga humo galoni 174,000 za maji yaliyotiwa kloridi ya potasiamu, yaani potashi. Kome wote walikufa, samaki wakabaki. Ndiyo mara ya kwanza nchini Marekani kome hao kufutwa kabisa katika maji ya wazi. Lakini Millbrook ni shimo la hekta tano tu, lisilo na mto wala bomba linaloingia.

Mtoni mambo ni magumu kuliko hapo. Septemba 2023 lava wa kome kwaga walipatikana katika Mto Snake, karibu na Twin Falls, jimboni Idaho. Serikali ya jimbo haikusubiri: mwezi uliofuata kipande cha mto kilitiwa dawa yenye shaba. Samaki wengi walikufa, wakiwemo sturgeon wakubwa, na uamuzi huo uliwauma hata waliouunga mkono. Mwaka 2024 dalili za kome zikaonekana tena, na dawa ikatiwa mara ya pili. Kinachoogopwa ni kome kufika Mto Columbia, ambao Snake unamwaga maji yake ndani yake, pamoja na mabwawa yake ya umeme na ngazi za kupandia samaki aina ya salmoni. Mfano upo tayari: katika mabwawa ya umeme ya Mto Colorado, mabomba ya kupoozea mashine yamelazimika kulindwa kwa taa za miale ya urujuanimno ili lava wasijishikize.

Halafu akaja kome ambaye hakuna aliyekuwa amemsubiri. Oktoba 2024 wafanyakazi wa idara ya maji ya California, wakishughulikia vifaa vya kupimia maji karibu na bandari ya Stockton, walikuta kome wa rangi ya hudhurungi iliyokoza na njano. Alikuwa Limnoperna fortunei, kome wa dhahabu, mwenyeji wa China na Asia ya Kusini-Mashariki. Amerika ya Kusini inamfahamu vizuri: aliingia Río de la Plata mwaka 1991, akapanda mito hadi bwawa la umeme la Itaipu. Amerika ya Kaskazini ilikuwa haijawahi kumwona. Stockton ni bandari ya meli za baharini ndani kabisa ya delta ya mito, kwa hiyo maji ya farumi yakashukiwa kwa mara nyingine.

Kome wa dhahabu aliharibu hesabu zote za awali. Kome-milia na kwaga huhitaji kalsiamu ya kutosha kujengea magamba, na mabwawa mengi yanayopokea theluji iliyoyeyuka ya milima ya Sierra Nevada yana kalsiamu kidogo, hivyo wenye mabwawa hayo walijiona wana kinga ya asili. Huyu anaridhika na kidogo. Mabwawa yaliyokuwa hayana utaratibu wowote yakajikuta yanatafuta wakaguzi na waya. Katika Ziwa Folsom, karibu na Sacramento, kuanzia Aprili 2025 kila boti ilitakiwa kukaguliwa, kufungwa sili kwa trela yake na kusubiri siku 30 kabla ya kugusa maji. Mahali pengine boti zenye injini zilikatazwa moja kwa moja. Wenye maduka ya chambo, waliopanga fedha zao kwa msimu wa kiangazi, ndio walioumia kwanza.

Ndani ya wiki chache baada ya Stockton, kome wa dhahabu walipatikana katika bwawa la O'Neill, kwenye Kaunti ya Merced. O'Neill ni njiapanda: maji ya delta hupita hapo kabla ya kusukumwa hadi bwawa kubwa la San Luis. Na San Luis ndiyo inayoilisha San Justo, kwa bomba linalopita chini ya milima. Lango la Hollister lililofungwa mwaka 2008 linatazama barabara. Bomba la San Luis halina lango la namna hiyo. Wenye boti wanaouliza kwa nini wao pekee ndio wanaofungwa waya wanastahili kujibiwa, na wa kujibu ni wanaoendesha pampu.